Nilianza siagi ya karanga nyumbani kwa laki moja: hatua za mwanzo na hesabu zangu zote

#1 MamaKaranga_Segerea (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila wiki kuna mtu ananiandikia pembeni kuuliza nilianzaje kutengeneza siagi ya karanga nyumbani. Swali la kwanza huwa ni lile lile: mashine ulinunua wapi na kwa bei gani? La pili: alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) uliipataje? Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kopo moja linanigharimu shilingi ngapi. Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe nilifanya biashara hii miezi minne bila kujua jibu, na kumbe muda wote huo nilikuwa napata hasara huku nikiamini napata faida.

Nilikuwa na laki moja tu mkononi baada ya kazi yangu ya dukani kuisha. Tunapanga Segerea, Dar es Salaam, vyumba viwili na jiko la nje lenye paa. Nilinunua karanga kilo 5 soko la Tandale kwa 4,000 kwa kilo, nikazikaanga, nikazipeleka kusagwa kwenye mashine ya sokoni, nikajaza makopo 10 ya gramu 400. Kichwani nilihesabu hivi: karanga 20,000 kwa makopo 10 ni 2,000 kwa kopo, ongeza kopo tupu la 700, jumla 2,700. Nikauza 3,500. Nikajipongeza kwamba kila kopo linanipa 800.

Mtu aliyenifungua macho ni mama mmoja wa kikoba chetu anayeuza batiki. Aliniambia: safari hii usiuze hata kopo moja kabla hujaandika kila shilingi iliyokutoka na kila gramu iliyopotea. Alinikopesha mizani yake ndogo ya jikoni. Nikapika tena kilo 5 zile zile. Nayaweka hapa kama yalivyo kwenye daftari langu.

Kilo 5 nilizochambua zilibaki kilo 4 na gramu 650. Zile gramu 350 ni mbovu, zilizosinyaa, zenye ukungu na zilizobadilika rangi. Baada ya kukaanga na kupeta ganda jekundu zikabaki kilo 4 na gramu 100, maana moto unaondoa maji na ganda nalo lina uzito wake. Mashine nayo ilibaki na chake, karibu gramu 100 zilizoganda kwenye mawe. Nikatoka na kilo 4. Yaani kwenye kila kilo 5 ninazolipia, kilo nzima haifiki kwenye kopo.

Upande wa hela: karanga 20,000, kusaga 4,000, makopo 10 kwa 700 ni 7,000, lebo 2,000, gesi nilikadiria 2,500, nauli ya kwenda Tandale na kurudi na mzigo 2,500. Jumla 38,000. Kopo moja 3,800. Nilikuwa nauza 3,500.

Na hapo bado sijajilipa. Saa nilizifuatilia kwenye simu: kuchambua saa 2, kukaanga saa 2 na nusu, kumenya na kupeta saa 1, mashineni na foleni yake saa 1 na nusu, kujaza na kubandika saa 1. Saa 8, siku nzima ya mtu. Nikiiweka siku hiyo kuwa 8,000 tu, kopo linafika 4,600. Kwa miezi minne nilikuwa nampa kila mteja kopo langu pamoja na 300 juu, na siku zangu nzima nikizitoa bure.

Siku hiyo nilipandisha bei hadi 6,500 kwa anayenunua kwangu na 5,500 kwa duka. Nilipoteza wateja watatu. Waliobaki hawakuuliza neno, na mmoja aliniambia alikuwa anahofia ubora kwa sababu ya ule urahisi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza, iwe karanga, keki, sabuni ya maji au ubuyu: nunua mizani na daftari kabla ya kitu kingine chochote. Pika kidogo, mara mbili tatu, andika. Mashine inasubiri. Mimi nilisagia kwa watu mwaka mzima, na nilipokuja kununua nilijua nataka mashine ya ukubwa gani kwa sababu daftari lilikuwa linaniambia nasaga kilo ngapi kwa wiki.

Ila mkisagia sokoni muwe makini na mashine inayosaga na vitu vingine. Nilipata siagi yenye harufu ya dagaa mara moja, kilo 6 nzima. Tangu hapo nilikuwa nakwenda asubuhi ya kwanza kabisa, nalipia mashine isafishwe mbele yangu, na gramu 200 za kwanza zinazotoka siziweki kwenye kopo. Na maji yasiguse kitu: chombo, kijiko, kopo, vyote vikavu kabisa. Maji yakiingia, siagi inaweza kuharibika upesi.

Hela ya biashara niliitenga siku ile ile. Laini ya pili ya simu na Lipa Namba yake, ile namba ya kupokelea malipo ya wateja. Simu ya nyumbani haiingizi hela ya karanga, na ya karanga haitoi hela ya mboga. Kila Jumamosi najilipa kutoka laini ya biashara kwenda laini yangu, na nikishalipwa hiyo ni ya nyumba, sina neno nayo.

Makaratasi niliyashughulikia baada ya ile miezi minne; nitayaeleza kwa kifupi, wenye ujuzi watanisahihisha. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ndiyo inayofungua milango yote. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA (mamlaka ya mapato), ni bure, usimlipe mtu. Jina la biashara unasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, mimi lilinigharimu 20,000. Kisha afisa biashara wa halmashauri kwa leseni, afisa afya, na kwa sisi wa vyakula, TBS. Nilipitia kwanza SIDO ya mkoa, shirika la serikali la viwanda vidogo, nikapata mafunzo ya usindikaji na barua ya kunitambulisha TBS, na hilo liliniokolea gharama kubwa.

Karibuni kwa maswali. Nitajibu kadiri nitakavyoweza, leo nimemaliza kupika mapema.

#2 kijana_wa_Chanika

Dada shikamoo. Nimesoma mara mbili. Nina laki tatu niliyoitunza kwenye vibarua vya ujenzi. Nimeona mashine ndogo ya kusaga karanga inauzwa laki mbili na themanini. Nilitaka kuinunua kesho. Sasa umenitia shaka. Niache kweli?

#3 MamaKaranga_Segerea

Marahaba mdogo wangu. Iache. Ukiinunua unabaki na 20,000, na hiyo haikununulii karanga, makopo, gesi na nauli ya mara moja. Mashine itakaa ndani ikikuangalia. Wapo waliolazimika kuiuza kwa nusu bei baada ya miezi miwili ili wapate mtaji wa karanga.

Chukua 40,000 kutoka kwenye laki tatu yako. Nyingine usiiguse kabisa. Pika kilo 3. Uza. Andika. Ukipoteza, umepoteza 40,000 na umepata shule. Halafu jambo la umeme: ukiwa nyumbani unatumia uniti chini ya 75 kwa mwezi upo kwenye kundi la bei nafuu. Mota ya mashine inaweza kukutoa huko, na kuanzia hapo hata taa na feni za ndani mtazilipia bei ya juu. Kama mnachangia mita na wapangaji wengine, ongeeni kabla, siyo baada.

#4 FundiUsindikaji

Mleta uzi, umeandika vizuri ila umepita haraka sana kwenye jambo ambalo kwangu ni la kwanza kuliko hata daftari. Zile gramu 350 ulizotupa. Naomba wote mnaotaka kuingia kwenye karanga msome hapa taratibu.

Karanga na mahindi hushambuliwa na kuvu wanaotengeneza sumukuvu. Huioni, huinusi, huionji. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki kwa sumukuvu iliyotokana na mahindi. Hiyo ni ya ghafla. Ile ya polepole, mtu anakula kidogo kidogo miaka mingi, inaleta saratani ya ini. Na siagi ya karanga ndiyo tunayoweka kwenye uji wa watoto.

Watu wengi wanaamini kukaanga kunaua sumu. Kukaanga kunaua kuvu wenyewe na kupunguza sumu kiasi, lakini nyingine inabaki, kwa sababu inastahimili joto la jikoni. Kwa hiyo kinga yako ipo kwenye kununua na kuchambua. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya karanga, na ile ya aina ya B1, iliyo kali zaidi, isizidi 5. Kuelewa udogo wake: ni kama gramu 1 kwenye tani 100. Punje chache mbovu zinatosha kuharibu mzigo mzima, na ukishasaga zimechanganyika, huwezi tena kuzitoa.

Ukinunua, muulize muuzaji zilibanguliwaje. Kuna wakulima na wafanyabiashara wanaozilowesha maji ili maganda yalainike zibanguke upesi. Hapo kuvu wanapata wanachokitaka. Kama unaweza, nunua zenye maganda, zilizokauka hadi zinagonga ndani ukizitikisa, ukabangue mwenyewe. Ni kazi, lakini unajua unachopika. Zihifadhi juu ya chaga, zisiguse sakafu wala ukuta.

Na zile mbovu msiwape kuku. Kuku nao wanadhurika nazo. Zifukieni au zichomeni mbali na jiko.

#5 MamaKaranga_Segerea

Kaka, ahsante sana, na nakubali nilipita haraka. Mwanzoni nilikuwa nachambua jioni kwa taa ya jikoni. Siku moja nilichambua mchana uani, kwenye sinia jeupe, nikaona mara mbili ya zile nilizokuwa naona usiku. Sasa nachambua mchana tu, mara mbili, mara ya kwanza mbichi na mara ya pili zikishamenywa, maana kuna zinazoficha ubovu ndani ya ganda jekundu. Gramu zimefika hadi 500 kwenye kilo 5 msimu wa mvua. Bei yangu inabeba hizo gramu, na ndiyo sababu nyingine siwezi kurudi kwenye 3,500.

#6 MzoefuWaSoko

Siagi ya karanga zimejaa. Kila kona ya Dar kuna mama ana makopo kwenye baraza. Mnawapeleka vijana kwenye soko ambalo halina nafasi.

#7 MamaKaranga_Segerea

Mkuu, sikatai, wapo wengi. Mimi sikuanza kwa kuuliza soko la Dar lina nafasi. Niliuliza nani kati ya watu wanaonijua kwa jina anakula siagi ya karanga kila asubuhi. Nikapata walimu wa shule anayosoma mwanangu. Walimu 14. Chai ya saa nne wanakula mkate na kila mtu analeta cha kupakia. Nilipeleka makopo 2 ya kuonja na mkate, bila kuuza. Wiki iliyofuata niliuza 9. Mpaka leo kila mwisho wa mwezi pale nauza kati ya makopo 15 na 20.

Wa pili walikuwa mama wenye watoto wachanga kliniki ya mtaa wetu, wanaochanganya kwenye uji wa lishe. Hawa ndio wanaouliza maswali magumu kuhusu usafi, na ndio walionisukuma nisajili mapema. Wa tatu, vijana wa mazoezi wanaotaka isiyo na sukari wala mafuta ya kuongeza. Hao nimewatengea makopo ya kilo moja.

Duka nililiacha kwa muda mrefu. Nilipoingia niliingia vibaya, kwa mali kauli: unaacha makopo, akiuza anakulipa. Duka moja niliacha makopo 24, nikarudi baada ya wiki tatu nikaambiwa yameuzwa lakini hela imezungushwa kwenye mzigo mwingine. Nilikwenda mara tano. Nililipwa ya makopo 10. Siku hizi duka jipya napeleka makopo 6, yakiisha analipa ndipo napeleka 6 mengine, na tunaandikishana kwenye kitabu chenye nakala, yeye anasaini. Mwenye duka mzuri hachukii kusaini.

#8 Afisa_Mstaafu

Nimefanya kazi ofisi ya biashara ya halmashauri kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Naomba niongeze kwenye makaratasi, maana naona hapa ndipo watu wanapoibiwa na vishoka, yaani mawakala wa uongo.

Kwanza, serikali ya mtaa. Mwenyekiti na mtendaji wakujue. Barua ya utambulisho utaihitaji zaidi ya mara moja. Pili, mwenye nyumba. Kama umepanga, apate kujua na akubali kwa maandishi hata ya ukurasa mmoja. Nimeshuhudia biashara nyingi nzuri zikifa kwa notisi ya mwenye nyumba kuliko kwa kodi.

Kuhusu BRELA, watu wanachanganya mambo mawili. Kusajili jina la biashara si kumiliki nembo. Jina linaandikishwa chini ya sheria ya majina ya biashara, na halikupi ulinzi wa alama unayobandika kwenye kopo. Hiyo ni alama ya biashara, inaombwa peke yake, BRELA hiyo hiyo. Halafu jina la biashara halikutenganishi na deni: biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe. Ukitaka utengano huo unasajili kampuni, na kwa makopo 10 kwa wiki huna haja nayo.

Kodi. Mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayafiki shilingi milioni 4 hatozwi kodi ya mapato kwenye mfumo wa makadirio. Angalieni: ni mauzo, siyo faida. Na kuanzia hapo kwenda juu, anayetunza kumbukumbu anakadiriwa tofauti na asiyetunza. Kwa hiyo daftari la mama huyu lina faida hata mbele ya TRA.

Leseni anatoa halmashauri. Vyakula vilikuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) zamani, tangu 2019 viko TBS, msipelekwe huku na huku na mtu anayewaambia vinginevyo. Mtakaguliwa eneo la kutengenezea na bidhaa yenyewe.

Mleta uzi, jambo moja sitalikubali. Miezi minne uliuza chakula kabla ya kusajili. Kuonjesha majirani na kupata maoni yao ni sawa. Kuuza kwa umma ni jambo lingine, na kama mtoto angeugua usingekuwa na pa kujitetea. Wasomaji wasiige hapo.

#9 MamaKaranga_Segerea

Mzee wangu shikamoo, na nalipokea. Ni kweli. Ningeanza leo ningekwenda SIDO wiki ya kwanza, kabla ya kuuza kopo hata moja, kwa sababu nilichojifunza kule ndicho kilichonifanya nijue makosa ya jikoni kwangu. Kwa hao walioniuliza pembeni: usajili usiwatishe hadi mjifiche. Mkaguzi alipokuja kwangu aliniambia jiko la familia na eneo la kutengenezea bidhaa haviwezi kuwa kimoja. Niliumia, nikaona ndiyo basi. Tuliongea na mwenye nyumba, tukaziba upande wa baraza kwa matofali na wavu wa mbu, sakafu ya saruji laini, ukuta wa rangi inayosuguliwa, beseni la kunawia mlangoni, meza ya bati lisiloshika kutu. Ilinichukua miezi mitano kukusanya hela yake kidogo kidogo. Hakuna mtu mwingine anayeingia mle, hata mwanangu.

Na hesabu ya mzee niiweke kwa makopo: kwa bei ya 6,500, milioni 4 ni makopo 615 kwa mwaka, yaani kama 51 kwa mwezi. Anayeanza bado yuko mbali na hapo, ila aijue namba yake mapema.

#10 BibiMahamri_Kisauni

Ahsante dada yangu, salamu kutoka Mombasa. Mimi ni wa mahamri na mbaazi, na siku hizi keki. Kwetu ni kibali cha kaunti, na cheti cha afya cha mpishi ambacho twapimwa upya kila miezi sita. Fundi aliyesema habari ya sumukuvu asikizwe: mwaka 2019 KEBS, shirika la viwango la Kenya, ilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya karanga huku kwetu, na zilikuwa za viwanda. Seuze sisi wa jikoni.

Nataka kuongeza jambo moja la kuanzia. Mimi sipiki kwanza nikatafuta mteja. Jioni baada ya magharibi natuma ujumbe, mwenye kutaka anaagiza na kulipa kabla ya saa tatu. Alfajiri naukanda unga wa watu niliokwisha kulipwa, na ziada ya mahamri 20 tu kwa wapita njia. Mtaji wangu wa kwanza ulikuwa hela ya wateja. Unga ambao haujanunuliwa haulali, na mahamri yaliyolala hayana bei.

Karanga yavumilia, mahamri hayavumilii. Kwa hiyo kila mtu aangalie bidhaa yake yaishi siku ngapi, ndipo ajue atapika kiasi gani.

#11 BabaWaWatatu

Naandika kama mume. Mke wangu alianza barafu na juisi za kuganda nyumbani. Mwaka wa kwanza biashara ilikufa mara mbili, na mara zote mbili tuliiua sisi wa ndani, siyo soko. Mara ya kwanza nilichukua 60,000 ya mtaji kulipa ada, nikisema nitarudisha. Sikurudisha. Mara ya pili alikopa mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani wenye riba kubwa, ili afufue. Marejesho ni ya kila siku, na siku ya mvua barafu haiuziki lakini mkopeshaji anafika mlangoni saa 12 jioni. Friji lilichukuliwa.

Mara ya tatu tulikaa chini. Tulikubaliana mambo ambayo ningewaomba wanaume wenzangu wayafikirie kabla mke hajanunua hata sukari. Mtaji si hela ya nyumba. Saa zake za kazi ni saa za kazi: akiwa anapika kuanzia saa 10 alfajiri hadi saa 1, watoto ni wangu, nawaogesha na kuwapeleka shule. Zamani alikuwa anafanya yote halafu tunashangaa kwa nini amechoka na barafu hazijafungwa vizuri. Na watoto wakitaka barafu wananunua, hela inaingia kwenye kopo. Hilo la mwisho liliniuma kidogo, lakini tulihesabu, walikuwa wanakula barafu 11 kwa siku pamoja na rafiki zao.

Leo ana friji mbili.

#12 mama_wa_Singida

Nauliza kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba. Ni kweli imerudi? Tuko kina mama sita, tunataka kuanza sabuni.

#13 Afisa_Mstaafu

Imerudi. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024. Mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, atawaelekeza kusajili kikundi. Ila msikimbilie mkopo kabla hamjatengeneza na kuuza kwa fedha zenu ndogo. Nilikaa kwenye vikao vya kupitia maombi. Kikundi kilichokuja na daftari la miezi mitatu, hata la mauzo ya 200,000 tu, kilisikilizwa tofauti na kilichokuja na andiko zuri lililochapwa na mtu wa steshenari.

#14 msomaji_kimya

Dada, mafuta yakipanda juu ya kopo wateja hawalalamiki? Mimi wangu wanarudisha wakisema imeharibika.

#15 MamaKaranga_Segerea

Walilalamika sana mwanzoni. Ni kawaida ya siagi isiyowekewa kitu cha kuizuia: mafuta yanapanda, karanga inashuka. Niliandika kwenye lebo "koroga kabla ya kutumia", na nikawa naeleza kwa mdomo kila ninapokabidhi. Ukisaga mara mbili ikawa laini zaidi inachelewa kujitenga.

Lebo yangu ina jina la bidhaa, viambato (karanga na chumvi, basi), uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho ya kutumia, namba ya toleo, na mahali ilipotengenezwa. Namba ya toleo msiidharau. Ile siagi ya dagaa niliweza kuwapigia walionunua wote kwa sababu ilikuwa imeandikwa toleo lipi limekwenda kwa nani. Uzito nao uwe wa kweli: mizani ya kuuzia inakaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, ile ya jikoni ni ya kujifunzia tu. Mistari ya kuskani inatolewa na GS1, shirika la namba za bidhaa, na ya Tanzania inaanza na 620. Supermaketi ndizo zinazoitaka, kwa hiyo isubiri hadi ufike huko.

#16 kijana_wa_Chanika

Dada shikamoo. Nimerudi na mrejesho, leo ni wiki ya tatu. Mashine sikununua. Nilikwenda SIDO kuandikisha jina kwa mafunzo ya mwezi ujao. Wakati nasubiri nimepika kilo 3 kwa ajili ya kujifunza, ndugu na mafundi wenzangu wa kibaruani wakanichangia hela ya kopo.

Karanga 13,500. Nilichambua mchana, zilitoka gramu 300. Baada ya kukaanga na kumenya kilo 2 na gramu 400. Kusaga 2,400. Nimepata makopo 9 ya gramu 250, makopo yenyewe 4,500. Jumla 20,400. Kopo moja kama 2,270. Wamechangia 3,500 kwa makopo 7, kopo moja fundi mkuu kachukua atalipa Jumamosi, na moja tumelila nyumbani. Nimepata 24,500. Faida 4,100 taslimu. Nimekosea wapi?

#17 MamaKaranga_Segerea

Marahaba mdogo wangu. Umenifurahisha kuliko unavyojua.

Gesi iko wapi? Na ulifikaje sokoni?

#18 kijana_wa_Chanika

Gesi ni ya nyumbani, mama ndiye alinunua mtungi. Bodaboda kwenda na kurudi 2,000.

#19 MamaKaranga_Segerea

Mtungi wa mama unaisha kwa karanga zako. Weka 1,500 ya gesi na umpe mkononi, usimwandikie tu. Ongeza na bodaboda, jumla inakuwa 23,900, kopo moja kama 2,660. Taslimu uliyonayo mbele ni 600, na 3,500 iko kwa fundi mkuu hadi Jumamosi. Saa zako bado hujaziandika, safari ijayo washa saa ya simu kama nilivyofanya.

Na lile kopo la nyumbani mlilipie, hata kama wewe ndiye uliyelila.

#20 kijana_wa_Chanika

Nimempa mama 1,500. Ameniuliza kilo 3 zijazo nanunua lini.